Chuma na Ntaoeka: Mume, Mke na Njia ya Ufipa

Aliuzwa akiwa mtoto. Akiwa mtu mzima akawa ndiye anayeaminiwa kuongoza misafara ya watu zaidi ya mia. Mara tatu alipita Ufipa, na katika safari mbili kati ya hizo alikuwa mume wa mtu. Safari hii tunakupeleka Sumbawanga, lakini kwa njia ya miguu yao.

Taja Sumbawanga mbele ya vijana wa Dar es Salaam, halafu subiri utani. Mmoja atakuuliza umemkosea nani mpaka ukimbilie huko. Mwingine atakuomba usiwaudhi wazee, usije ukarudi umepigwa radi mchana kweupe. Hata jina la mji linachochea mambo, maana wenyeji hulieleza kuwa ni amri kabisa: tupa uchawi. Yaani mji uliowaambia watu waache uchawi getini ndio uliobaki na sifa ya uchawi!

Utani ni utani, na Wafipa wenyewe wanaujua kuliko sisi. Tatizo ni kwamba umeziba hadithi nyingine. Uwanda wa Ufipa ulikuwa njia. Katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, ardhi inainuka mpaka karibu mita 1,800 na zaidi, mita elfu moja hivi juu ya maziwa yenyewe. Huko juu miti mikubwa ni michache, nyasi ni nyingi, na macho yanafika mbali. Mtu anayetoka kusini mwa Tanganyika kwenda Tabora, kama hataki kuhangaika na miamba na vichaka vya ufukweni, alipandisha huku. Pembe za ndovu zilipita huku. Watu waliofungwa minyororo walipita huku. Na mwaka 1873 mwili wa mzungu mmoja, umefungwa kwenye kitambaa na gome la mti, ulipita huku mabegani mwa Waafrika.

Huyo mzungu unamjua, ni David Livingstone. Shuleni ulifundishwa jina lake, ukaandika kwenye mtihani, ukapata maksi. Leo tuzungumze kuhusu waliobeba.

MTOTO ALIYEUZWA

Chuma alikuwa Myao, alizaliwa miaka ya 1850 hivi katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Nyasa, Malawi ya leo. Alikuwa bado mtoto alipouzwa. Julai 1861, karibu na kijiji cha Mbame, msafara wa watumwa 84 waliokuwa wakipelekwa kwa Wareno wa Tete ulikutana na Livingstone na wamisionari wa Kiingereza. Wasimamizi wa msafara walikimbia, kamba zikakatwa, na mtoto Chuma akawa huru.

Huru, lakini kwenda wapi? Hapo ndipo hadithi nyingi za ukombozi hukatika, na ndipo maisha yenyewe yanapoanza. Kijiji alichotoka kilikuwa kwenye vita na njaa. Misheni ya Magomero iliyowapokea ikaanza kuzikana. Askofu wao, Mackenzie, alifariki Januari 1862. Chuma hakuwa na kwa kurudi. Mwaka 1864 akajikuta ndani ya boti ndogo ya mvuke iitwayo Lady Nyassa, akivuka Bahari ya Hindi kutoka Zanzibar hadi Bombay, siku 45 baharini. Mabaharia walikuwa wachache, wengi wao vijana wa Zambezi ambao bahari hiyo hawakuwahi kuiona. Wawili kati yao, Susi na Amoda, watarudi baadaye katika habari hii.

Bombay, Chuma na rafiki yake Wikatani waliachwa shuleni kwa wamisionari wa Kiskoti. Walisoma, wakabatizwa Desemba 1865. Chuma akapewa jina la James. Mwaka uliofuata Livingstone akawachukua kwa safari ya bara, wakashukia Mikindani Machi 1866. Walipokaribia Ziwa Nyasa Wikatani akasema amepata ndugu zake, akabaki. Chuma akaendelea.

Tukumbuke kwamba hakuwa mtumishi wa kuigizwa kwenye sinema, yule wa ndiyo bwana. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamechoka, wakasema basi. Livingstone akaenda na wachache. Aliporudi aliwapokea tena, na katika shajara yake alikiri kwamba hata yeye ana kasoro zake. Mtu aliyewahi kuuzwa akiweza kusema "siendi", na kesho yake akarudi kazini kwa hiari, huyo ameanza kujua uhuru una ladha gani.

"NILIKUWA MVIVU KWA SABABU SINA MKE"

Sasa tufike kwenye mambo yetu. Mwaka 1872, karibu na Tabora, msafara ulikuwa ukisubiri wapagazi kutoka pwani. Miongoni mwa wanawake waliokuwa kambini alikuwepo Ntaoeka, mwanamke mzuri wa sura na umbo aliyejiunga nao huko walikotoka. Livingstone akaona si vizuri mwanamke kama yeye awe hana mume katikati ya wanaume wote wale. Akamwambia achague mmoja kati ya watatu: Chuma, Gardner au Mabruki.

Ntaoeka akatabasamu tu.

Kwa maoni ya Livingstone, wale wawili hawakuwa na sura ya kumvutia mtu, na Chuma alikuwa mvivu kiasi kwamba hakuna mwanamke angemtaka. Chuma aliposikia akajitetea: ni kweli alikuwa mvivu, lakini uvivu wenyewe ulitokana na kukosa mke. Akiolewa na mtu atajirekebisha. Wanaume bwana! Kisingizio hiki kina zaidi ya miaka 150 na bado kinatumika kila Ijumaa mjini.

Baada ya muda wanawake wenzake kambini nao wakataka Ntaoeka aolewe. Akaulizwa tena, akakubali. Kisha Livingstone anaandika jinsi alivyokuwa akimwona tangu siku hiyo: wa kwanza kuamka asubuhi ya baridi, anawasha moto, anachemsha maji, anatwanga, anateka maji, anaokota kuni, anafagia, anapika.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nafurahi kisha nafikiri. Aliyeahidi kujirekebisha ni Chuma. Anayeonekana kufanya kazi toka alfajiri ni Ntaoeka. Na "ndiyo" yake ilikuja baada ya kuzungukwa, na mzungu upande huu na wanawake wenzake upande ule. Kila msichana aliyewahi kuambiwa na mashangazi kwamba umri unakwenda anaijua hali hiyo. Hakuuzwa, hilo ni kweli, na kwa miaka ile lilikuwa jambo kubwa: mwanamke aliulizwa, akatabasamu akakataa, akaachwa, akaulizwa tena. Lakini kati ya kuuzwa na kuchagua kwa moyo wako wote kuna nafasi pana, na wanawake wengi wa karne ile, huru kwa jina, waliishi katikati ya nafasi hiyo.

Agosti 1872 msafara uliondoka Tabora. Livingstone alikuwa mgonjwa. Chuma sasa alikuwa na mke, na Amoda alikuwa na mkewe Halima, aliyekuwa mpishi. Walishuka kuelekea Tanganyika na kupita nchi ya Wafipa upande wa ziwani, wakipanda na kushuka majabali kwenye jua la Oktoba. Hiyo ndiyo ilikuwa fungate yao, ukitaka kuiita hivyo: mizigo kichwani, na mzee anayezidi kudhoofika juu ya punda.

MIEZI TISA NA MZIGO MMOJA

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Hapo kulikuwa na watu wapatao 60 walioachwa na maiti ya mgeni, mbali na pwani, katika nchi ambazo kupita na maiti ni kutafuta ugomvi. Kitu rahisi kilikuwa kumzika na kutawanyika. Hakuna ambaye angewalaumu, na hakuna aliyewaahidi malipo ya kumrudisha.

Walikaa kikao. Susi na Chuma wakachaguliwa kuwa wakubwa wa msafara. Wakaamua mwili uende pwani. Moyo na viungo vya ndani vikazikwa chini ya mti wa mpundu, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa, gome la mti na turubai. Ukaning'inizwa kwenye mti, mabegani mwa watu wawili. Safari ikaanza.

Haikuwa safari ya malaika. Wengi waliugua, wengine walifia njiani. Katika kijiji kimoja kabla ya kufika Tanganyika mapigano yalizuka, na wenyeji wakauawa. Hili huwa linaachwa kwenye vitabu vya watoto, lakini waliouawa pale nao walikuwa watu wenye wake na watoto.

Walipozunguka ncha ya kusini ya ziwa, walikuwa na uamuzi wa kufanya. Mwaka mmoja kabla walipita njia ya ufukweni na kuteseka. Safari hii wakaikwepa, wakaingia ndani zaidi, juu kwenye uwanda. Katika masimulizi waliyoyatoa baadaye wanataja mlima wa kuvuka, Lambalamfipa. Ukifika Sumbawanga leo utaukuta, na jina lake halijabadilika sana: Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkubwa unaoporomoka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa.

Hapa ndipo napenda wapenzi wawili wasimame. Panda upande wa msitu wa Mbizi, nje kidogo ya mji, halafu fuata njia ya kuteremkia Muze. Nyuma yako ni nyasi na mashamba ya ulezi, mahindi na maharage. Mbele yako ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa bonde la Rukwa linafuka joto. Juni ilinikuta hapo na upepo unaopenya sweta. Mama mmoja anayeuza maharage kando ya barabara alinitazama akatikisa kichwa. "Mwanangu, baridi ya huku si ya kuchezea. Funga kitenge kiunoni." Nikafunga. Mume wangu, ambaye njia nzima alijigamba hasikii baridi, akaomba cha kwake.

Sasa fikiria Ntaoeka kwenye baridi hiyo. Sisi tulikuwa na kitenge, chai ya chupa na gari linalosubiri. Yeye alikuwa na mzigo kichwani, na mbele yake wanaume wanapokezana kubeba maiti. Jioni wanaume wakitua mzigo wao, kazi yake yeye ndiyo inaanza: maji, kuni, moto, chakula. Waliobeba mwili wanakumbukwa kwa uaminifu wao, na wanastahili. Lakini mtu habebi mzigo miezi tisa bila kula. Kila mtu akisema "Chuma na Susi", ongeza kimoyomoyo: na Ntaoeka, na Halima.

Oktoba 1873 walifika Tabora, wakakuta msafara wa Waingereza uliotumwa kumtafuta Livingstone. Kiongozi wake, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Walipozidi kwenda na kuona kwamba vijiji vya mbele havitaki maiti ipite, wakatengeneza kifurushi cha uongo, wakakirudisha nyuma kwa shangwe zote za msiba kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe ukafungwa upya uonekane kama robota la nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,600 tangu Chitambo.

Kuna tarehe moja ambayo huwa inanifanya nitulie. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku hiyo Chuma alikuwa porini, hana habari, yuko na mzigo wake. Aliporudi Zanzibar mwaka uliofuata, soko lilikuwa limefungwa na kanisa limeanza kujengwa mahali palepale. Bara ilichukua muda mrefu zaidi. Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922.

ASANTE, SASA KWAHERINI

Bagamoyo mwili ukapokelewa na wakubwa. Waliobeba walilipwa mishahara yao na kuagwa. Meli ilipoondoka ni Jacob Wainwright peke yake aliyesindikiza jeneza hadi London, na maziko yakafanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, kwa nauli ya rafiki wa marehemu. Walikaa miezi kadhaa wakisaidia kuhariri shajara za safari ya mwisho. Kila mara mhariri alipokwama juu ya jina la mto au kijiji, walikuwepo wao wa kuulizwa. Njia ilikuwa vichwani mwao.

Ntaoeka hakupelekwa. Hakuna aliyekuwa na swali la kumwuliza.

Aliporudi, Chuma hakurudi kuwa "mtu wa Livingstone" anayesimulia enzi. Alitafuta kazi, na kazi aliyoijua ni njia. Aliongoza safari za misheni ya Askofu Steere kuelekea Nyasa mwaka 1875. Mwaka uliofuata aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, waliokwenda kuanzisha makazi yao Masasi. Yaani mtoto aliyetembezwa kwa kamba sasa anawatembeza waliofunguliwa kamba, kuelekea kwenye nyumba zao wenyewe. Kama unatafuta kipimo cha mafanikio, hicho kinatosha.

MARA YA TATU JUU YA UWANDA

Mei 1879 msafara mwingine uliondoka Dar es Salaam, umetumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London. Mkuu wa msafara upande wa wapagazi alikuwa Chuma, mwenye miaka 29 hivi, anayezungumza lugha zipatazo kumi na mbili. Kiongozi mzungu, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi uliofuata. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa na miaka 21 na hakuwahi kuongoza hata picnic.

Hebu jiweke kwenye nafasi hiyo. Bosi amekufa, wa pili ni kijana aliyetoka chuo juzi, watu zaidi ya mia wanasubiri kusikia kama kesho wanaendelea au wanarudi. Wangapi kati yetu maofisini tumeshaona hali hiyo, anayejua kazi hana cheo na mwenye cheo hajui kazi? Thomson alikuwa na akili moja nzuri: alimsikiliza Chuma. Msafara ukafika Nyasa, ukafika Tanganyika. Thomson alipokwenda kuangalia mto Lukuga na watu wachache, msafara mzima uliobaki kusini mwa ziwa ulikuwa mikononi mwa Chuma.

Mwaka 1880 wakapanda Ufipa. Nkansi ilikuwa chini ya Mwene Kapuufi, na uwanda ulikuwa na sifa ya amani kuliko nchi nyingi za jirani. Kutoka huku juu Thomson akaliona Ziwa Rukwa na kulipa jina la Leopold. Jina hilo halikudumu, Rukwa imebaki Rukwa. Julai msafara ukaingia Bagamoyo, karibu wote wazima. Thomson akaandika kitabu, akawa maarufu. Chuma alimaliza maisha yake Zanzibar mwaka 1882 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka thelathini na kidogo tu.

HISTORIA YA HUKU INAANZA NA NDOA

Ukikaa Ufipa utasikia pia hadithi ya Milansi, kijiji mama cha ufalme wa Wafipa. Inasemwa kwamba mfalme alikwenda kuwinda, akamwachia mke wake agizo: wakija wageni, usiwape kiti changu. Wakaja wageni, nao ni wanawake. Mke akawapa kiti. Mfalme aliporudi akakuta utawala umeshahamia kwa watu wengine, na kutoka kwa ukoo huo mpya zikatoka falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Wanaume husimulia hadithi hii kama onyo kuhusu wanawake. Mimi naisikia vingine. Nchi hii ina kumbukumbu kwamba mlango wa nyumba ukifunguliwa na mwanamke, historia inabadilika. Na kwamba mgeni anaweza kufika kwa miguu, hana kitu, akaketi.

Mgeni wa namna hiyo jina lake unalikuta mjini Sumbawanga kwenye hospitali. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, mkoa wa Katavi wa leo, uliokuwa sehemu ya Rukwa mpaka mwaka 2012. Akaoa huko, mke wake Agnes akiwa binti wa chifu. Mtoto wao Joseph akawa padre. Atiman alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 mahali pamoja.

Mmoja alipita mara tatu, mwingine alifika mara moja asiondoke. Wote waliuzwa utotoni, na wote, walipopata nafasi ya kuchagua, walichagua kazi ambayo watu wengine wangeitegemea. Huwa tunazungumza kuhusu watumwa kama kundi, idadi, minyororo kwenye jumba la makumbusho. Kwa kufanya hivyo tunawaacha palepale walipowekwa na waliowauza. Chuma alikuwa mvivu kidogo, mcheshi, mpenda maneno, hodari wa lugha, mume. Ntaoeka alitabasamu kabla ya kukubali. Hayo ndiyo yanayomrudisha mtu kuwa mtu.

Kwa hiyo mara nyingine mtu akikutania kuhusu radi za Sumbawanga, cheka, halafu mwulize: unajua nani aliyewahi kupita pale na mke wake?

MKITAKA KWENDA

Njia: Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Mbeya na Tunduma. Kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ni lami. Laleni Mbeya, msijitese.

Wakati: Mei hadi Oktoba ni kavu na njia za mlimani zinapitika. Juni na Julai ni baridi kali kwa mtu wa pwani. Bebeni masweta mawili kila mmoja, moja mtampa mwenzio.

Vya kuona: Msitu wa Mbizi na ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Bonde la Rukwa, lakini ziwani kuna mamba wengi, tazameni kwa mbali. Maporomoko ya Kalambo, yenye zaidi ya mita 220, mpakani na Zambia, njia ya Matai kuelekea Kasanga. Ulizeni pia wenyeji wawaonyeshe mabaki ya malungu, tanuri refu za udongo ambazo Wafipa waliyeyushia chuma bila hata kuvukuta.

Vya kula: Ugali wa ulezi, maharage, na migebuka kutoka Tanganyika. Mwanaume akiwa wa kwanza kuamka kuchemsha maji ya chai, mwacheni. Chuma aliahidi hivyo mwaka 1872, na deni halijalipwa.